Eda ya Ruzuku

Kwetu mjane hukaa eda
miezi minne na siku kumi,
kisha hutoka. Huoga, hubadili kanga,
majirani wakajua: limekwisha.

Hapa Erie, chumba cha chini cha ofisi ya kaunti,
ruzuku ikifika ukomo hupewa siku mia na ishirini
za kukusanya risiti zake na kuaga.
Nilipoisoma kanuni hiyo nilicheka peke yangu.
Doreen Kowalczyk akauliza, kulikoni?
Nikamwambia: mmekaribia kufanana nasi.

Mmekaribia tu. Maana hizi hazitoki.
Mia mbili na kumi na tatu nimezihesabu,
zimekwisha muda, hazijafungwa,
nyingine tangu nilipokuwa bado Kigoma
nikilia juu ya hesabu za kugawanya.
Nyingi hazina hata senti.
Na kila mwezi, tarehe mbili, benki hukata ada
ya kuutunza huo utupu,
dola kumi na nne kwa kila kapu lisilo kitu.
Tunamlipia marehemu kodi ya nyumba
na taa tumemwachia inawaka.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
bibi yangu aliuza chumvi ya Uvinza kwa methali hiyo.
Lakini daftari lipo, bibi. Lina safu kumi na sita,
kijani kwa zilizo hai, kijivu kwa zilizokwisha.
Asiyekuwepo ni mtu wa kuinua simu.

Basi nikainua.
Mstari wa arobaini na saba: ukarabati wa boila,
ukumbi wa wastaafu, Mtaa wa Parade.
Namba haipatikani.
Nikavaa buti. Theluji ya ziwani
haishuki kama theluji nyingine, huja kwa ubavu,
kama mtu anayekwepa mdai wake.
Ukumbi sasa ni duka la matairi.
Kijana mmoja, mikono myeusi kwa grisi,
akaninyooshea nyumba ya mbao ng'ambo ya barabara:
kwa Lamar Pettigrew, aliyekuwa mweka hazina.

Hakuniuliza mimi ni nani.
Alitazama kitambulisho kifuani pangu,
akaingia ndani, akarudi na bati la biskuti.
Risiti zote. Hata ya skrubu,
dola moja na senti thelathini.
Na chini kabisa hundi ya salio,
dola elfu moja mia sita na tisa,
kaiandikia kaunti miaka sita iliyopita,
wino umeshageuka kahawia.

"Niliwaandikia barua mbili," alisema.
"Kisha nikasema, wakinihitaji watakuja.
Mke wangu alikufa akidhani nitafungwa."

Sikuwa na fomu ya jambo hilo.

Hundi nayo ilikuwa imekwisha muda.
Ikabidi aandike nyingine mbele yangu;
mkono ulimtetemeka kwenye sufuri.

Usiku huo niliandika kurasa tatu.
Kila ruzuku iwe na jina la mtu, si la idara.
Kabla ya siku ya mia na ishirini, mtu apige simu,
na asipopokelewa, aende.
Hesabu tupu ifungwe mwezi uleule.
Orodha ibandikwe pale watu wanapolipia kodi, waione.
Mkuu wetu, Bi Halvorsen, alisoma hadi mwisho,
akasema ni nzuri sana, akauliza
tuiweke safu gani.

Doreen hakungoja jibu. Akabonyeza.
Mstari wa arobaini na saba ukatoka kijivu, ukawa mweupe.
Nikampigia Pettigrew. Ililia muda mrefu.
"Imekwisha," nikamwambia.
Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika.
Kisha akauliza kama sasa anaweza kulitupa lile bati.

Kanuni yasema alitunze miaka mitatu tena.
Nikamwambia atupe. Nakala ninazo.

Zimebaki mia mbili na kumi na mbili.
Kesho ni tarehe mbili.